"Huku ni Dar, kuna joto": uzoefu wangu na oili ya 20W-50 kwenye Toyota IST

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe mapema. Gereji yenyewe iko Dar, jina silitaji. Kwa miaka kama mitatu nimewapelekea ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu. Breki za gari langu ni kazi ya mikono yao. Ndiyo maana imeniuma hivi.

Msimu wa baridi uliopita nilipeleka IST yangu ikamwagwe oili, nikijiandaa kumrudisha mama nyumbani Njombe. Huwa nasimama palepale boneti likiwa wazi. Siku hiyo simu ya kazini ikanitoa, nikasogea kivulini. Kurudi nakuta fundi mkuu ameshaanza kumimina, na ubavuni mwa dumu pameandikwa 20W-50.

Nikamwambia, "Kaka, kitabu cha gari hili kinasema 5W-30." Nikakitoa kwenye droo ya dashibodi. Ni cha Kijapani, kama ilivyo kwa magari yetu mengi, na maandishi yake siyajui, ila tarakimu ni tarakimu. Ukurasa wa oili una 5W-30, na 20W-50 haimo kabisa.

Hakukitazama hata kidogo. Alijifuta mikono, akawageukia vijana wake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Dada, hicho kitabu ni cha Wajapani. Huku ni Dar, kuna joto. Wewe endesha, mambo ya oili tuachie sisi." Wakacheka wote, isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa ameshika faneli. Nikalipa, nikachukua kadi yao ya sevisi, nikaondoka, maana mama alikuwa ameshafunga mizigo.

Hoja hiyo ya joto nimeisikia kwa mafundi wengi, na inaingia akilini mpaka uifuatilie. Tokyo mwezi wa nane joto linafika nyuzi 35, na watu wanaendesha na oili nyepesi. Injini ikishapata moto, temosteti inaishikilia kwenye nyuzi 80 na kitu mpaka 90 na kitu, uwe Tokyo au uwe kwenye foleni ya Kariakoo. Ile namba ya pili, 30 au 50, inaeleza uzito wa oili ikiwa na nyuzi 100. Ya kwanza, yenye W, ni ya baridi, yaani oili inavyokwenda asubuhi unapowasha. Kwa hiyo fundi aliyeniwekea 20W badala ya 5W alinipunguzia ulinzi kwenye dakika ambayo injini inauhitaji kuliko zote. Na mimi nilikuwa naelekea Njombe!

Kwenye mlima wa Kitonga, njiani kwenda Njombe, gari lilipanda kwa shida. Niliona ni mzigo, mama alikuwa amejaza mchele na vitenge vya watu wa nyumbani, nikanyamaza.

Asubuhi ya pili tukiwa Njombe, pumzi zinatoka kama moshi, nikawasha. Staata ikazunguka kwa uzito, injini ikashika, halafu juu kukaanza kugonga, tak-tak-tak-tak, na taa nyekundu ya oili imekaa tu haizimiki. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, mkono uko kwenye ufunguo tayari kuzima. Ikazimika. Mama akaniuliza, "Hili gari linaumwa?" Tulipofika kilima cha kutokea mtaani kwetu, taa ya injini ikawaka, nguvu zikakata, nikasukumia pembeni lori likipiga honi nyuma yangu. Mama yangu ana zaidi ya miaka sabini. Nilipoona alivyoshika mlango kwa mikono miwili, yule bwana wa Dar nilimwona usoni kabisa akicheka.

Fundi wa mtaani kwetu ni mzee mtulivu. Hakuuliza gari lina nini, aliuliza, "Umeweka oili gani, mwanangu?" Nikampa kadi. Akasoma, akachomoa kijiti cha kupimia, akadondosha tone moja kwenye kipande cha kioo. Pembeni yake akadondosha tone la 5W-30 kutoka kwenye kopo lake. Gari langu na kopo lake vilikuwa vimelala nje usiku kucha. Akainamisha kioo taratibu. Tone la 5W-30 likateleza mpaka ukingoni na kuanguka. Langu lilikuwa limesogea kama upana wa kidole, likivuta mkia mzito kama asali. "Sasa hii," akasema, "ndiyo unataka ipite kwenye vitundu vya VVT?"

Kijana wake akachomeka mashine ya kupimia, ikatoa namba ya hitilafu P0012, yaani kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu za injini, inachelewa. Kwenye injini hizi oili haifanyi kazi ya kulainisha tu. Presha yake ndiyo inayosukuma ile VVT-i, mtambo unaorekebisha muda wa valvu za injini kufunguka, ikipitia valvu ya oili yenye vijia vyembamba sana. Walipoifungua walikuta na utando wa uchafu, kwa hiyo haki lazima niitendee: siwezi kuapa kwamba oili peke yake ndiyo yenye kosa. Uchafu ule ni wa muda mrefu. Lakini gari lilikuwa limeishi nao bila kugonga mpaka siku ile dumu lilipofunguliwa! Wakasafisha valvu, wakamwaga oili yote, wakaweka filta mpya na 5W-30. Yule mzee alipima mpaka ikafika alama ya juu, akaacha kiasi kwenye dumu, maana injini hii inakula kama lita 3.7 pamoja na filta. Kule Dar dumu la lita 4 huwa linaisha lote, mkono hautetereki.

Kesho yake, baridi ileile, gari liliwaka mara moja na taa ya oili ikazimika papo hapo. Kimya.

Sisemi 20W-50 ni sumu. Mjomba ana Hiace ya zamani, injini imechoka, inavuta oili, na hiyo nzito ndiyo imeituliza. Mahali pake ipo. Oili yenyewe niliyowekewa haikuwa feki, yule mzee aliikagua. Ila injini moja si injini nyingine, na fundi anayeweka dumu lilelile kwa kila gari linaloingia getini hajachagua kitu, amemaliza stoo.

Niliporudi Dar niliwafuata na kadi yao na karatasi ya kipimo. Nilitaka samahani tu, pesa nilishakubali zimekwenda, zaidi ya laki moja na nusu. Fundi mkuu akaniuliza, "Si umefika na umerudi?" Akaingia chini ya gari lingine, nikabaki naongea na miguu yake.

Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba kwa breki nendeni, wanajua kazi, na kwa oili nunueni wenyewe mkasimamie. Nimeifuta hiyo sentensi mara mbili. Mtu asiyetaka kusoma ukurasa uliofunguliwa mbele yake, kesho atasoma nini kwenye breki zako? Msiende. Natoa nyota moja.

Nikiwa natoka getini, yule kijana wa faneli alinikimbilia. Akaomba kile kitabu, akakilaza juu ya boneti, akapiga picha ukurasa wa oili kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akauliza kama Vitz nayo ni hivyohivyo. Nikamwambia afungue kila gari kitabu chake. Siku akifungua gereji yake, oili namwaga kwake.