Presha kuka ya umeme ya lita 6 kwa wali wa soseji

Kwa mlo wa watu wanne jioni ya kazi, chombo hiki kinatosha peke yake. Kaanga humo soseji 6 za ng'ombe zilizokatwa, kitunguu, karoti na hoho, kisha mimina maji kidogo ukwangue chini hadi pawe safi. Hapo ndipo wengi hukosea: masalia yakiganda, chakula huungua kabla presha haijapanda. Mchele vikombe 2 uliooshwa, maji vikombe 2 tu, pamoja na yale ya kukwangulia, maana mvuke hautoki ovyo. Ukizidisha utapata bokoboko. Nyanya ziweke juu, usikoroge. Dakika 5 za presha, 10 za kutulia. Punguza chumvi, soseji zina yake. Kasoro yake kubwa: hakuna ukoko!