Geti la mtoto kwa ngazi za nyumba ya kupanga: lipi la kununua, lipi la kuacha

Kabla ya kutoa pesa, gonga ukuta. Nyumba kongwe za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa haishiki skrubu. Ukitoboa, unga unamwagika, tundu linapanuka, na skrubu uliyoikaza leo keshokutwa unaichomoa kwa vidole. Kwenye nyumba mpya za matofali ya saruji, Mbweni au Mazizini, ukuta unashika vizuri. Huko kikwazo ni mwenye nyumba. Kwa hiyo mpangilio huu ni wa mpangaji, si wa mwenye nyumba yake.

Namba moja kwangu ni geti la mbao la kuagiza kwa seremala wa mtaani. Anasimamisha miimo miwili, anaifunga kwenye nguzo za ngazi kwa klempu zilizowekewa mpira ndani, halafu geti linaning'inia kwa bawaba. Nguzo haitobolewi, na ukihama unafungua unaondoka nalo. Mpe masharti mapema, maana akikufanyia kwa mazoea atakutengenezea mlango wa banda la kuku. Fito ziwe wima tupu, kwa sababu fito ya kulala ni ngazi nyengine kwa mtoto. Nafasi baina yao isizidi sentimita 6, urefu usipungue 75. Geti lifungukie ndani, upande wa sakafu, lisifungukie juu ya vidato. Komeo lake lifunguke kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili utakuwa umembeba mtoto.

La pili ni geti la chuma la kufunga kwa skrubu, linalouzwa dukani. Ni imara, ila linataka nguzo ya mbao au ukuta wa saruji, pamoja na ruhusa ya mwenye nyumba. Omba kwa maandishi, na upige picha ukuta kabla hujaugusa.

La tatu ndilo linalonunuliwa sana: geti la kubana, lisilotaka skrubu. Linafaa chini ya ngazi au mlango wa jiko. Juu ya ngazi, hapana. Mtoto akilisukuma kwa nguvu linaweza kuteleza, hasa kwenye ukuta wa chokaa. Tena lina chuma kinachopita chini, na mtu mzima akijikwaa hapo ndio anashuka na mtoto mkononi. Ukilikuta kwenye mitumba, hesabu vikaza vya pembe zote nne na mipira yake. Kimoja kikikosekana, liache hapo hapo. Na pima nafasi yako kwanza: mengi yanaanzia kama sentimita 75, na vipande vya kuongezea upana aghalabu havipo kwenye mitumba.

Geti pekee halitoshi ikiwa reli za ngazi zina mianya. Mwanya unaozidi sentimita 10 unapitisha mwili wa mtoto, na kichwa kikabaki. Funga karatasi ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, au plaiwudi nyembamba, upande wa ndani, kwa tai za plastiki. Mikia ya tai ielekee nje, isimchune mtoto. Kwenye roshani inayopigwa na jua zikague mara kwa mara, maana jua linazifanya zikatike kama biskuti. Wavu wa kuvulia sipendekezi: tundu linaloingia kidole gumba cha mguu ni la kupandia.

Kama reli ni za nakshi, usitoboe kabisa. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, na mabadiliko ya majengo yana kibali chake kwenye Mamlaka ya Hifadhi. Kufunga kwa kamba au klempu kunakuepusha na safari hiyo.

Kuzuia ngazi kwa meza au godoro sikupangii namba. Hiyo ni ya usiku mmoja tu wakati fundi hajafika. Na mtoto akianza kupandisha mguu juu ya geti, kwa kawaida kwenye miaka miwili, liondoe. Kuanguka kutoka juu ya geti ni kubaya kuliko kuanguka kwenye vidato vitatu vya mwisho, kwa hiyo anza mapema kumfundisha kushuka kinyumenyume.