Redio ya DAB+ baada ya miezi mitatu: sauti safi, lakini inakula betri

Redio hii ndogo ya mezani hupokea matangazo ya dijitali ya mfumo wa DAB+ pamoja na yale ya FM, na baada ya kuisikiliza kila siku kwa miezi mitatu nimeona kwamba sifa zake nyingi, na kasoro zake pia, zinatokana na mfumo wenyewe kuliko chombo.

Nilipoiwasha mara ya kwanza ilijitafutia vituo na kuvipanga kwa majina, kwa hiyo sihitaji tena kukariri namba za masafa wala kuzungusha kitufe kwa ncha za vidole hadi nipate mahali ambapo kituo kimoja hakimezwi na jirani yake. Vituo ni vingi kwa sababu, wakati FM huhitaji masafa ya peke yake kwa kila kituo, DAB+ hukusanya vituo kumi na zaidi katika mkondo mmoja wenye upana wa takriban megahezi 1.5, na mitambo kadhaa huweza kuurusha kwa masafa yale yale bila kuvurugana. Habari na mazungumzo husikika vizuri sana. Muziki hutegemea ukarimu wa mtangazaji, maana anayebana sauti kupita kiasi ili apenyeze vituo zaidi hufanya matoazi yasikike kama mchanga unaomwagwa.

Kero ilianza nilipoihamishia chumba cha nyuma chenye kuta nene. Mawimbi yakififia, FM hukwaruza, lakini bado unaweza kumfuata msomaji wa habari. Kwa DAB+ redio hii ilibubujika kama maji yanayochemka, kisha ikanyamaza kabisa, mpaka niliposogeza antena shubiri moja. Kwa DAB+ betri huisha mapema kuliko kwa FM, na mlio wa saa kamili huchelewa kwa sekunde kadhaa, hivyo usiitumie kurekebishia saa yako.

Kuhusu mustakabali, Norwei ilizima FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017, ingawa vituo vingi vidogo viliendelea nayo, na shirika la utangazaji la umma la Uswisi likazima yake mwishoni mwa 2024. Katika Umoja wa Ulaya, redio za magari mapya zinatakiwa kupokea matangazo ya dijitali tangu Desemba 2020, na nadhani sharti hilo litaukuza mfumo kuliko tangazo lolote la biashara. Hata hivyo, penye mitambo michache na wasikilizaji waliotawanyika, naona mfumo mwingine wa redio ya dijitali uitwao DRM, unaoweza kutumia mawimbi mafupi (shortwave) na kufika mbali kwa mtambo mmoja, ungefaa zaidi. Kwa bahati mbaya redio hii haiupokei.

Ningemshauri mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba vituo anavyovipenda vinapatikana kwa DAB+ mahali anapoishi, na asikubali kuuziwa redio isiyo na FM. Yangu nimeiacha sebuleni karibu na dirisha, ikitumia umeme wa ukutani.