Chupa ya chai ya msimu wa baridi: kabla hujalipa, fungua kizibo

Msimu wa baridi uliopita nilinunua chupa ya chai iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba inatunza joto kwa saa 24. Nikaijaza maji yanayochemka alfajiri, nikaifunga, nikaendelea na shughuli zangu. Mchana nilipomimina kikombe, majani ya chai hata rangi hayakutoa. Kwa wiki nzima nilidhani kosa ni langu, kwamba siifungi vizuri. Ndipo usiku mmoja nikaipapasa ikiwa imejaa. Ubavuni ilikuwa baridi kama ukuta. Chini, baridi vilevile. Nilipoweka kiganja juu ya kifuniko nikakuta pamoto. Joto langu lote lilikuwa likipanda na kutokea pale, kupitia kizibo cha plastiki kilicho wazi ndani na chepesi kama ganda la yai.

Chupa ilikuwa nzima kabisa. Kilichoniibia ni kizibo. Tangu siku ile, nikishika chupa yoyote dukani, jambo la kwanza ni kukifungua kizibo na kukipima mkononi. Rangi, mshikio na maua ya ubavuni nawaachia wengine wayaandike.

Jambo hili linanigusa kwa sababu chupa ya chai ndiyo kitu cha gharama ndogo kinachopunguza matumizi ya nyumba wakati wa baridi kuliko vingi tunavyokimbilia kununua. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji takriban uniti 0.09 ya umeme, na ukijumlisha joto linalopotea kwenye birika, hesabu uniti 0.1. Ni kidogo, lakini fikiria nyumba ambayo kila mtu anachemsha kwa wakati wake: huyu chai, yule maji ya kunawa, mwingine ya kuoshea vyombo vyenye mafuta. Kila mmoja anajaza birika, anachukua kikombe kimoja, yaliyobaki yanapoa. Lita 8 kwa siku zinakula karibu uniti 24 kwa mwezi. Ukichemsha mara mbili tu, asubuhi na jioni, ukajaza chupa ya lita 2 kila mara, umepunguza nusu. Anayetumia gesi au mkaa faida yake ni ileile, ila yeye haioni kwenye mita. Lakini hesabu yote hiyo inavunjika kama kufika saa saba mchana maji ni ya vuguvugu, maana utayarudisha tena jikoni.

Sasa kwa nini kizibo? Chupa hizi asili yake ni maabara. Mwaka 1892 mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, alitengeneza chombo chenye kuta mbili ili kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi zikawa maji. Hewa iliyokuwa katikati ya kuta hizo aliinyonya ikabaki ombwe, na pasipo hewa joto halina cha kulibeba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ule mng'ao wa fedha unaouona ndani ya chupa ya kioo kazi yake ni kurudisha joto linalosafiri kama mwanga. Dewar hakuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wake, na Wajerumani waliosajili jina la Thermos mwaka 1904 ndio waliokipeleka chombo chake majumbani. Ubavu na kitako vimezungukwa na ombwe. Mdomo hauna ombwe. Pale kuta mbili zinapokutana na kizibo kinapokaa, joto lina mlango wake mmoja, na mlango huo ndio unaotengenezwa kwa haraka na kwa plastiki ya bei rahisi kuliko sehemu nyingine zote.

Kizibo kizuri ni kizito kidogo, kwa sababu ndani kimejazwa povu gumu la kuzuia joto. Kigonge kwa kucha: kilichojazwa kinatoa mlio mzito, kilicho wazi ndani kinalia kama kopo. Kinaingia ndani ya shingo ya chupa kwa urefu wa vidole viwili, hakikai juujuu tu. Halafu angalia mpira wa kizibo, ile pete inayozuia maji yasivuje. Lazima uweze kuutoa kwa mkono, kuuosha na kuurudisha. Mpira uliogandishwa kwa gundi ukianza kunuka au kupasuka, umepoteza chupa nzima kwa ajili ya kipande kisichozidi pete ya kidole.

Kwangu ya kwanza ni Zojirushi ya chuma cha pua, na sitajifanya sina upendeleo. Ni kampuni ya Osaka, Japani, iliyoanza mwaka 1918 kwa kutengeneza vioo vya ndani vya chupa hizi hizi, na jina lake maana yake ni alama ya tembo. Ninachowapendea ni uaminifu wa maandishi. Hawaishii kukuambia saa ngapi. Wanakuambia maji yatabaki na nyuzi ngapi baada ya muda fulani, yakiwa yameanzia karibu nyuzi 95 katika chumba chenye nyuzi 20. Hapo unaweza kulinganisha chupa na chupa. Vizibo vyao vinafunguka vipande vipande, na mipira ya akiba inauzwa peke yake. Bei yake inauma, siwafichi. Mimi nilijinyima miezi miwili ndipo nikaipata, na sijajuta hata siku moja.

Ya pili ni Stanley, ile ya umbo la zamani yenye kizibo cha kuzungusha. William Stanley ndiye aliyeleta chupa ya ombwe ya chuma huko Marekani mwaka 1913, na hadi leo ni chupa ya kuangushwa, kukanyagwa na kubebwa shambani. Ni nzito, na mtoto au mzee anapata tabu kuinua ile kubwa ikiwa imejaa. Kwa nyumba yenye wazee ningetafuta nyingine.

Ya tatu ni chupa ya kioo yenye kizibo cha kuzungusha, na hapa watu wengi wanaidharau bure. Kioo kinatunza joto vizuri sana, hakiachi ladha, na kikivunjika mara nyingi unaweza kununua kioo kipya ukakiweka ndani ya gamba lilelile. Udhaifu wake mkubwa uko chini, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Kitako cha kioo kina kimkia kidogo, pale hewa iliponyonywa na tundu likazibwa. Kikiguswa kidogo tu na kupata ufa, ombwe limekwisha, hata kama kioo kinaonekana kizima. Kwa hiyo fungua kitako cha gamba uone kama kuna mto wa mpira unaoshika kioo pale chini. Bila mto, kila unapoitua mezani kwa kishindo unakaribisha hasara.

Chupa za kubonyeza naziweka ya nne, na najua nitawaudhi wengi. Ni nzuri wageni wakiwa wengi. Lakini juu yake kuna pampu, mrija na tundu la kumiminia, yaani kifuniko kizima ni njia za joto. Maji ya chini kabisa mrija hauyafikii, na pampu ya mpira ikichoka unabonyeza mara kumi kwa nusu kikombe. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba ya kwake ilianza kudondosha matone ndani ya miezi mitatu, na muuzaji akamshauri anunue nyingine.

Zile za plastiki tupu za bei ya chini kabisa hazina ombwe, zina povu tu au hewa. Kama ndiyo uwezo uliopo, izungushie sweta la sufu, kichwa kikiwemo, na uitumie ndani ya saa chache.

Niwaseme na wauzaji, kwa sababu nimechoka. Nilipouliza kizibo cha ile chupa yangu ya kwanza kimejazwa nini, nilijibiwa, "Dada yangu, hii orijino, usiwe na wasiwasi." Sikuuliza uorijino. Nimekuta maboksi yamefungwa kwa gundi, na ukiomba kufungua unaambiwa ukifungua umenunua. Nimekuta chupa ya kampuni moja imevishwa kizibo cha nyingine kisichoshika vizuri. Nimezunguka maduka saba kutafuta mpira wa akiba, na kila mmoja akanionyesha chupa mpya. Mtu anayebana matumizi kwenye baridi, mwenye watoto wa kupashia maji, unamuuzia chupa mpya kwa kosa la mpira? Na hiyo "saa 24" inamaanisha nini kama hawaandiki nyuzi? Maji ya nyuzi 35 nayo yana joto, lakini huwezi kutengenezea chai.

Ukishanunua, ijaribu usiku uleule, risiti ikiwa bado mkononi. Isuuze kwanza kwa maji moto, uyamwage, kisha ijaze hadi karibu na kizibo, maana chupa iliyojaa nusu inapoa upesi. Baada ya dakika kumi ipapase. Shingoni pakiwa na uvuguvugu kidogo ni kawaida. Ubavu ukiwa na joto, ombwe limekufa, irudishe. Kisha ilaze juu ya gazeti kavu usiku kucha, kama ni ya kufunga kwa kuzungusha. Gazeti likilowa, kizibo hakifai. Asubuhi mimina kikombe: ukiweza kukinywa papo hapo bila kupuliza, irudishe pia.

Na weka maji matupu, maziwa uongeze kikombeni. Maziwa yanajificha chini ya mpira na kuoza, na kinywaji chenye maziwa kikishuka chini ya nyuzi 60 kwa muda mrefu vijidudu vinazaliana. Mimi kila Jumamosi nautoa mpira, nausugua kwa magadi, nauacha ukauke. Ulio kwenye chupa yangu sasa ni wa pili. Wa tatu nilinunua mapema, upo kwenye droo ya vijiko.