Shampeni ya punguzo au cava ya bei ya kawaida: ipi ifae kwa zawadi?

Anayetafuta zawadi katika supamaketi msimu wa punguzo hukabiliwa na chaguo mbili: shampeni iliyoshushwa bei, au mvinyo mwingine wenye mapovu, kama cava ya Uhispania, unaouzwa kwa bei yake ya kila siku.

Shampeni hutoka eneo la Champagne nchini Ufaransa pekee, na ile isiyoandikwa mwaka wa mavuno hulazimika kukaa angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa. Cava nayo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, sawa na shampeni, ila sharti lake la chini ni miezi 9. Tofauti ya bei basi hutokana kwa sehemu kubwa na jina na gharama ya ardhi, wala si ufundi peke yake.

Kwa harusi, ambako jina kwenye lebo ni sehemu ya heshima anayopewa mpokeaji, ningechagua shampeni, mradi punguzo liwe la kweli: linganisha bei kwa lita na ile ya maduka mengine, kwa kuwa bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari huweza kuwa imekuzwa. Chukua chupa ya nyuma, isiyopigwa na taa za rafu, maana mwanga huharibu ladha, hasa kioo kikiwa cheupe.

Kwa rafiki atakayeifungua mezani jioni hiyohiyo, cava nzuri iliyoandikwa Brut, yaani yenye sukari isiyofikia gramu 12 kwa lita, naipenda kuliko shampeni ya bei ya chini kabisa, ambayo mara nyingi huwa kali mdomoni.