Antiques Roadshow au American Pickers?

Zote mbili ni programu za televisheni kuhusu vitu vya kale, ila utamu wake hauko mahali pamoja. Antiques Roadshow, iliyoanza BBC mwaka 1979, inamweka mtaalamu mezani; watu wanapanga foleni na vyombo walivyorithi. Anaigeuza sahani, anasoma alama iliyopigwa chini yake, anaeleza ilitengenezwa wapi na lini, ndipo anataja thamani. Hanunui. Raha yote iko usoni mwa mwenye mali anaposikia kiasi. Wengine hujikaza kisabuni wasionekane wamevunjika moyo.

American Pickers, ya chaneli ya History tangu 2010, inamfuata mwenye mali kwake. Misimu ya mwanzo Mike Wolfe na Frank Fritz walizunguka Marekani na gari la mizigo, wakipekua mabanda yaliyojaa pikipiki zenye kutu na mabango ya zamani ya petroli. Hapa pesa inatoka mfukoni. Wanavutana bei, na wakikwama wanaunganisha vitu viwili vitatu kwa bei moja mpaka muuzaji alegee. Mbinu hiyo tu inanitosha. Kinachonikera ni ile faida inayooneshwa kwenye skrini: ni makisio, kitu chenyewe bado hakijauzwa, na gharama za safari hazimo.

Ukitaka historia, tazama ya kwanza. Safari na vituko vya watu viko kwenye ya pili, na mimi jioni nikichoka huangukia huko.