Linki za Desmos kwa wanaofundisha hesabu kwa simu

Jamani kama unamwelekeza mtu grafu kwenye grupu la WhatsApp acha kupiga picha za daftari, mtumie linki ya Desmos, kikokotoo cha kuchora grafu mtandaoni. Ni bure, ilianza Marekani 2011, na anayepokea hahitaji akaunti wala kudaunlodi kitu, anabonyeza tu inafunguka kwenye brauza.

Utamu wenyewe uko kwenye slaida, yaani vitufe vya kuburuta kubadilisha thamani ya herufi. Andika y = a(x − h)² + k, itakuuliza kama unataka slaida za a, h na k, kubali halafu tuma. Mwanafunzi akishusha a kutoka 2 anaona parabola (mkunjo wa grafu hiyo) inatanuka, ikifika 0 inalala mstari mnyoofu kabisa, ikiingia hasi inageuka mdomo chini, na hapo keshaelewa hata hujaeleza. Achezee anavyotaka, ya kwako haiguswi.

Ila linki inabeba grafu kama ilivyokuwa ulipoisheya, ukirekebisha baadaye tuma linki mpya, wengi hili hawalijui. Na kwenye kioo cha simu listi ya milinganyo inakula nafasi, weka michache tu. Nyota 5 bila kusita.